Darasa la Nje ya Dirisha

Nilianza kusoma kwa sababu ya mgongo. Wengine watakuambia walitafuta mwanga, au walitaka kujisomea Biblia wenyewe, au walichoka kumbembeleza karani awaandikie barua za nyumbani. Hayo ni mazuri na siyapingi. Mimi nilikuwa nimechuma pareto katika mashamba ya Wazungu tangu nilipoolewa, kwanza Molo, kisha Elburgon, kisha hapa juu ya Njoro, na ua la pareto haliinuki kukufuata. Wewe ndiye unayeliinamia. Mume wangu Kimaiyo alipofariki niliendelea kuinama, maana kufiwa si ruhusa ya kupumzika. Siku moja nikafika mwisho wa mstari, nikajaribu kunyooka, mgongo ukakataa. Nikabaki nimejikunja pale kama mtu anayetafuta sindano, nikajiambia kwamba nataka kazi ya kufanywa mtu akiwa amesimama. Kazi ya namna hiyo niliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya mwalimu Odero.

Micah Odero alikuwa karani wa ofisi ya shamba, Mjaluo mrefu mwenye koti moja. Jioni alifundisha watu wazima katika stoo ya pareto, mahali maua makavu yalipotiwa magunia. Vumbi la pareto hupiga pua na kuifanya midomo iwe na ganzi, kwa hiyo tulisoma huku tunapiga chafya, na mara nyingine ulimi haukulipata neno hata kama kichwa kilikuwa kimelishika. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, hali ya hatari inaelekea mwisho, na baadhi ya Wakikuyu waliohamishwa kutoka kambi yetu ya wafanyakazi walikuwa wanaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, hawazungumzi sana. Hakuna mtu aliyekuwa na nguvu za kusoma. Tulisoma tu.

Tuliketi benchi moja watu watatu. Mimi, Eucabeth aliyekuwa mpishi wa nyumba ya Mzungu mwenye shamba, na Kipsang wa trekta. Kipsang alikuwa kijana mpole, mikono imejaa grisi, na kila alipopewa chaki aliivunja katikati akanipa kipande kikubwa. Tatizo lake lilikuwa sauti. Alisoma kwa kunong'ona, kama anayeungama dhambi, na mwalimu Odero alimwambia kila siku apaaze, asije akawa anasomea kola ya shati lake. Eucabeth alimcheka sana. Mimi nilimtetea.

Kisha akaja kumposa binti yangu Chelagat. Sikumkataa. Ningemkataaje, na mwandiko wake nilikuwa naujua?

Sasa, kwetu sisi Watugen, kijana akishamwoa binti yako hamwezi tena kuzoeana. Hampeani mkono. Hamketi chini ya paa moja. Hamwambiani neno uso kwa uso, na mkikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, si uadui. Wazee huweza kuilegeza siku moja, kwa mbuzi na kwa baraka zao, lakini wazee wetu walikuwa Baringo, na wazee wa Baringo hawajawahi kuwa na haraka. Na sheria yake ni nyepesi: anayefika kwanza mahali ndiye mwenye mahali, anayekuja nyuma hugeuka.

Nilikuwa najua haya yote tangu utotoni, na bado sikuyafikiria nilipokuwa nacheza harusini. Siku ya kwanza ya darasa baada ya harusi nilifika mlangoni nikaona mgongo wa Kipsang kwenye benchi letu. Nikageuka. Nilikwenda hatua kadhaa kuelekea kambini, kisha hasira ikanishika, nikazunguka nyuma ya stoo. Kulikuwa na dirisha la kupitishia magunia, na chini yake jiwe. Nikaketi, nikaweka sleti yangu magotini.

Kesho yake nilikusudia kuwahi. Lakini mwanamke wa pareto hawezi kuwahi. Trekta ikiegeshwa imeegeshwa, dereva ananawa mikono anakwenda. Sisi tulipanga foleni na vikapu vyetu mbele ya mzani, na nyapara wetu alikuwa mtu wa kuutazama mshale mpaka unadhani anaupigia ramli. Kila siku Kipsang alifika kwanza. Hakuwa na ubaya wowote, kazi yake ilikwisha mapema, basi. Nami kila siku nikaenda kwenye jiwe langu.

Mwalimu Odero alijaribu kunisaidia. Alitoka nje akaniuliza kama tukitundika gunia katikati ya stoo nitakubali kuingia upande mmoja. Nikamwambia gunia haligawi paa. Hakubishana. Alisema kwao pia mtu na mama mkwe wake hawawezi kuketi pamoja, na kwamba baba yake mdogo aliwahi kuruka ua wa miiba kwa sababu ya jambo hilo. Kisha akarudi ndani. Toka siku ile alinihesabu kuwa darasani, nami nikawa mwanafunzi wa nje.

Nataka uelewe uchovu wa jiwe lile. Jioni mvua hushuka kutoka Mau bila hodi, nyembamba na baridi, na sleti ikilowa chaki haishiki. Niliona nusu ya ubao, na nusu hiyo ilijaa kichwa cha mtu. Mikono ilinuka pareto, mgongo uliwaka, na nyumbani kulikuwa na kuni za kupasua. Watoto wa kambi walipita wakanisalimia kwa heshima, wakishakwenda mbali kidogo nikasikia wakicheka. Mara nyingi nilijiuliza ni kitu gani mtu mzima anatafuta kwenye mvua na alfabeti. Jibu lilikuwa lilelile, kusimama wima, kwa hiyo nilibaki.

Na juu ya yote hayo, kulikuwa na kelele za Kipsang.

Yule kijana wa kunong'ona alikuwa ameoa akapata sauti. Kila kitu mwalimu alichoandika ubaoni Kipsang alikisoma kwa nguvu, neno kwa neno, kabla mwenzake yeyote hajafungua mdomo. Akisoma hesabu, anaisoma yote, namba ya juu, namba ya chini, alama ya katikati. Akikosea anarudia kwa sauti ileile. Nilikaa kwenye jiwe langu nikasaga meno. Nilijisemea kwamba ndivyo wanaume walivyo, mpe mke tu na kesho atataka dunia nzima imsikie. Nilimwambia Chelagat, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu, amwambie mumewe apunguze sauti, hayuko mnadani. Chelagat alirudi na jibu akitazama chini.

"Amesema hapana," akaniambia. "Amesema hawezi kupunguza."

Sikulala vizuri. Mkwe kumkatalia mama mkwe jambo dogo namna hiyo, na kwa maneno mafupi vile. Nilifikiri hata kwenda Baringo kuwashtakia wazee, lakini safari ile nayo ingetaka mgongo.

Basi msimu mmoja ukapita hivyo. Karibu na mwisho wa mvua za masika mwalimu Odero alitangaza kwamba anarudi kwao Nyanza, baba yake amezeeka. Nililisikia tangazo hilo kupitia dirishani na mikono yangu ikaacha kuandika. Akaendelea. Serikali ilikuwa na chuo cha watu wazima, mbali, upande wa Nairobi. Hawakuuliza cheti cha shule wala umri. Walitaka mtu anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri, wamfundishe namna ya kufundisha wenzake, arudi ashike darasa. Shamba letu lilikuwa limepewa nafasi moja. Bwana Maendeleo, Mzungu aliyeshughulikia mambo kama haya katika ofisi ya Nakuru, angekuja mwenyewe kuchagua. Asipopata mtu wa kumfaa, darasa lingefungwa na stoo ingebaki ya magunia.

Mwalimu akauliza nani anaitaka nafasi. Nikanyoosha mkono wangu ukapita dirishani, wote, mpaka bega. Nilisikia Eucabeth akicheka kwa furaha. Kisha nikasikia mwalimu akitaja jina la pili, na lilikuwa la Kipsang.

Sitasema sikumwonea wivu. Alikuwa na miguu ya ujana na mgongo mzima na trekta. Mimi nilikuwa na jiwe. Lakini Chelagat alikuwa na mimba, na mume mwalimu ni bora kuliko mume wa trekta, kila mtu anajua, na mimi ndiye mama yake. Nilipasua kuni jioni ile nikiwa upande wangu, nikazipasua tena nikiwa upande wake, na mwisho nilikuwa na kuni nyingi na hakuna nililoamua.

Bwana Maendeleo alikuja na Landrova yenye matope mpaka madirishani. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, si mbaya, amechoka kama sisi. Alikaribishwa akaketi juu ya gunia la pareto na palepale akaanza kupiga chafya, na darasa zima likainamisha vichwa lisionekane likicheka. Akaeleza mtihani wake. Hakutaka kuona madaftari. Anayetaka nafasi asimame ubaoni awafundishe wenzake jambo moja dogo, naye atasikiliza. Yule wa chuo lazima awe mtu wa kusimama mbele ya watu.

Nilikuwa dirishani, shuka limelowa mabegani. Kipsang alikuwa benchini, amevaa shati jeupe. Nililijua shati lile, nilikuwa nimeliona asubuhi likikauka juu ya ua wa Chelagat na nikajua amelipiga pasi kwa matumaini mengi.

Mwalimu Odero alinitaja mimi kwanza. Nadhani alifanya hivyo makusudi, ili suala langu litazamwe kabla Mzungu hajachoka zaidi. Bwana Maendeleo akatazama benchi moja moja, akauliza huyo mama yuko wapi. Odero akaonyesha dirisha. Mzungu akaniona, kichwa na mkono, akaniita niingie. Sikusogea. Akaniita tena, polepole, akidhani nina uziwi au hofu.

"Bwana, huyu mama hawezi kuingia," Odero akasema. "Mkwe yake iko ndani."

Akamweleza. Alieleza vizuri, bila kutuonea haya, na Mzungu alisikiliza mpaka mwisho akijifuta pua. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu gani hapana weza ingia darasa?" akasema. Hakusema kwa ukali. "Pole, mama. Leta ingine."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimechoka kweli. Si mgongo. Nilijua kwamba nimekaa kwenye mvua msimu mzima kwa ajili ya kitu ambacho mlango wake hauwezi kunipisha, na kwamba Mzungu alikuwa na haki kwa upande wake, nami nilikuwa na haki kwa upande wangu, na haki hizo mbili hazingenipeleka popote. Nikaanza kufunga sleti yangu kwenye kitambaa.

Odero akamtaja Kipsang. Nikasikia benchi likilia, nikasikia viatu vyake vikienda mbele. Vikafika ubaoni. Havikusimama. Vikaendelea mpaka mlangoni.

"Wewe nakwenda wapi?" Mzungu akauliza.

"Natoka, Bwana. Sasa mama anaweza kuingia."

Mzungu alimwambia kwamba zamu yake ni sasa, kwamba akitoka jina lake limekwisha, hana muda wa kungoja watu kupishana milangoni. Alimwambia mara mbili ili asije akasema hakuelewa. Kipsang alikuwa ameshatoka.

Nilijifunika uso kwa shuka na kuzunguka pembe ya stoo upande wa tanuri la kukaushia. Nilisikia viatu vyake vikizunguka upande wa pili, ule wa trekta, taratibu, akinipa nafasi ya kupita. Tulipishana hivyo na stoo nzima katikati yetu. Na nakuambia nilikasirika. Ningeweza kumkatalia, ningemkatalia palepale, ningemwambia arudi ndani, ana mtoto anakuja, mimi ni mzee nitazoea. Lakini huwezi kumkatalia mtu ambaye huruhusiwi kusema naye. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya na lile shati jeupe lililokuwa linalowa nje, nalo ni kuingia.

Nikaingia. Ndani palikuwa pakavu, nilikuwa nimesahau. Nilipiga chafya. Eucabeth alinisogezea kipande cha chaki. Nikasimama mbele ya ubao nikajaribu kunyooka, na mgongo ukaniruhusu nusu.

Nilikuwa nimetayarisha somo dogo, sentensi moja ya kuwasaidia wale wa nyuma ambao bado walichanganya herufi. Niligeukia ubao nikaanza kuandika, kimya, kwa uangalifu, kama nilivyoandika siku zote kwenye magoti yangu. Mvua inatoka Mau. Nilikuwa nimefika katikati mwalimu Odero aliposema kutoka nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Soma na sauti, mama. Iko mtu nje."

Mkono wangu ukabaki juu ya ubao.

Iko mtu nje. Msimu mzima kulikuwa na mtu nje, na mtu huyo alikuwa mimi, na ubao niliuona nusu tu, na kila kilichoandikwa juu yake nilikipata. Namba ya juu, namba ya chini, alama ya katikati. Nilikuwa nimefikiri akili yangu ndiyo kali. Yule kijana ambaye kusoma mbele ya watu kulimtoa jasho alikuwa amepaza sauti kila jioni, akachekwa na Eucabeth, akatukanwa na mimi kupitia kwa mke wake, na jibu lake pekee lilikuwa kwamba hawezi kupunguza. Nililia. Sikugeuka, kwa hiyo darasa liliona mgongo tu, na mgongo wangu walikuwa wameuzoea.

Kisha nikasoma kwa sauti. Nilisoma sentensi ile kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, neno kwa neno, kuelekea dirishani. Darasa likarudia. Na baada ya darasa kunyamaza, kutoka kwenye jiwe langu, ikaja sauti moja ya kunong'ona, ikirudia peke yake, imechelewa kidogo.

Bwana Maendeleo alinipa nafasi. Alisema alipenda sauti yangu.

Habari za chuo sitazirefusha, kwa sababu chuoni watu wote husema walifurahi. Nilipanda treni Njoro, nikabadilisha Nakuru, nikapita Longonot nikiwa nimesinzia juu ya kifurushi changu. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote na kuliko walimu wengi. Wasichana waliosoma nami walikuwa na macho makali na kumbukumbu nzuri, mimi nililisoma jambo jioni na asubuhi lilikuwa limekwenda zake, nikalifuata tena. Na kuna kitu hawakuniambia. Kusimama nako kunachosha. Jioni miguu ilivimba, nikaketi kitandani nikaitazama, nikacheka peke yangu.

Nilipomaliza, Bwana Maendeleo aliniita ofisini Nakuru akaniuliza darasa linahitaji nini kuanza tena. Nikamwambia chaki, sleti, na mabati. Akashangaa, akasema paa la stoo halivuji. Nikamwambia mabati ni ya nje, juu ya dirisha la nyuma, na kama yatapatikana na benchi fupi nitashukuru. Akaandika mabati na benchi kwenye karatasi yake. Nikatumia nafasi hiyo kumwomba pia juu ya jina la Kipsang, kwa nafasi ya mwaka ujao. Hilo alisema ataona. Nimemwandikia mara nyingi tangu hapo, na bado anaona.

Siku ya kwanza ya darasa langu nilichelewa, kwani nilipitia kwa Chelagat kumbeba mjukuu. Kulikuwa na mvua. Trekta ilikuwa imeegeshwa tangu saa tisa, nikajua amefika kwanza kama kawaida yake, na kwa sheria yetu mahali palikuwa pake. Nilisimama mbali na mlango nikingoja kuona mgongo wake benchini, nikijiandaa kugeuka. Benchi lilikuwa na Eucabeth peke yake. Akanionyesha kwa kidevu upande wa dirisha.

Mabati yalikuwa bado hayajaletwa. Nikaingia, nikapiga chafya, nikachukua chaki. Niliandika mstari wa kwanza nikausoma, darasa likarudia. Nje kukawa kimya. Sijawahi kumwambia asante mtu yule na huenda nitakufa kabla wazee wa Baringo hawajapata mbuzi wa kuwafaa. Nikausoma tena, kwa nguvu zaidi, mpaka koo likauma. Ndipo nikamsikia akijibu.

Nikafuta ubao, nikaandika mstari wa pili, nikausoma kwa sauti.